Sauti Iliyo Mbali: Uhakiki wa Santuri ya "Unknown Pleasures"

Santuri ndefu ya kwanza ya kundi la Joy Division, Unknown Pleasures, ilitolewa na kampuni ya Factory ya Manchester, Uingereza, mwezi wa Juni 1979. Tangu Ian Curtis, mwimbaji na mtunzi wa maneno ya kundi hilo, ajiue tarehe 18 Mei 1980, wahakiki wengi wameyasoma maneno yake kana kwamba ni wosia. Usomaji huo ni mwepesi, tena unapotosha. Nyimbo hizo kumi zilirekodiwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, na suala zito linalozihusu ni jingine kabisa: je, huu ni utunzi wa nani?

Jukwaani, Joy Division walipiga muziki wa kasi na kishindo, karibu na panki iliyowazaa. Mtayarishaji Martin Hannett, katika studio ya Strawberry mjini Stockport, aliupunguza ukali huo na kuuzungushia mwangwi na ukimya. Bernard Sumner, mpiga gitaa, na Peter Hook, mpiga besi, walilalamika kwamba nguvu yao imeibwa. Lalamiko hilo si geni kwa mtaalamu wa fasihi simulizi, ambaye anajua jinsi utendaji unavyobadilika unapohifadhiwa. Hata hivyo, limejengwa juu ya dhana kwamba santuri ni kumbukumbu tu ya jukwaa. Hannett hakuiona hivyo. Alimtaka Stephen Morris apige ngoma zake mojamoja ili kila mlio usimame peke yake. Katika "Insight" sauti ya Curtis ilipitishwa kwenye waya wa simu.

Hoja ya Hannett inathibitishwa na "She's Lost Control". Wimbo huo unatokana na mwanamke mwenye kifafa ambaye Curtis alimfahamu alipokuwa akifanya kazi katika ofisi ya ajira, na ambaye baadaye alifariki. Januari 1979 Curtis mwenyewe aligunduliwa kuwa na maradhi hayohayo. Msimulizi basi anaeleza mateso ya mwingine ambayo pia ni yake, lakini hapazi sauti wala haombi huruma. Ngoma hurudia pigo lilelile bila kuchoka, zikisindikizwa na mchakacho wa kopo la dawa ya kupuliza. Besi hupanda juu na kubeba lahani. Mashine haikosei wakati binadamu ameshindwa kuumudu mwili wake. Kishindo cha jukwaani kingetoa hasira, nayo ile huruma ya mtu anayetazama kwa mbali, akijua zamu yake inakuja, ingepotea.

Si kila wimbo unafikia kiwango hicho. "Interzone" umebaki panki ya kawaida, na unakaa kama mgeni kati ya "Wilderness" na "I Remember Nothing".

Jalada la Peter Saville halina jina la kundi wala la santuri upande wa mbele. Lina mistari ya mawimbi ya redio kutoka CP 1919, nyota iliyogunduliwa na Jocelyn Bell huko Cambridge mwaka 1967: mapigo sawasawa, yakitoka mbali mno. Kundi lenyewe, wakiwamo hao waliolalamikia umbali, ndilo lililompelekea Saville picha hiyo. Yeye aliigeuza tu rangi, mistari ikawa myeupe juu ya weusi.