Mapenzi Yanayosemwa na Kiganja

Katika mabanda ya video ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mtafsiri wa filamu ndiye mwenye kazi: anaigiza sauti, anatia chumvi, anamwonya shujaa. Lakini wapendanao wakitazamana, hata akinyamaza hakuna asiyeelewa. Uelewa huo una mafundi wake, na mmoja wa wale wa mwanzo alikuwa mwanamke, Elinor Glyn.

Alizaliwa Jersey mwaka 1864. Mumewe alipozama katika madeni, kalamu ya mke ndiyo iliyolisha nyumba. Mwaka 1907 alitoa riwaya ya Three Weeks, kisa cha malkia aliyeolewa ambaye anampenda kijana wa Kiingereza. Walinzi wa maadili waliilaani; wasomaji waliigombea.

Mwaka 1920, akiwa amepita miaka 55, aliitwa Hollywood. Sinema bado zilikuwa bubu, na kurasa zake za maneno matamu hazikuwa na pa kusikika. Ikambidi ajifunze upya kuandika, safari hii kwa bega, kope na vidole. Aliandika The Great Moment ya mwaka 1921 kwa ajili ya mwigizaji Gloria Swanson, na riwaya yake Beyond the Rocks ikawa filamu mwaka 1922, Swanson akicheza na Rudolph Valentino. Husimuliwa kwamba Glyn ndiye aliyemfundisha Valentino kubusu kiganja cha mwanamke badala ya mgongo wa mkono. Tazama ufundi huo! Mgongo wa mkono hupewa mgeni yeyote. Kiganja hakibusiwi mpaka mwenyewe akifungue. Ridhaa nzima ya mwanamke imesemwa bila neno.

Waha, wenyeji wa Kasulu na Kibondo, wanaijua elimu hiyo. Salamu yao ya kuinama na kupiga makofi taratibu hueleza umri, heshima na furaha kabla mdomo haujamaliza kuuliza hali.

Glyn aliwahi pia kuwa mwandishi wa habari. Tarehe 28 Juni 1919 alishuhudia huko Versailles kutiwa saini kwa mkataba uliothibitisha kwamba Ujerumani imepoteza makoloni yake, nyanda hizi za Waha zikiwemo. Mwaka huohuo rafiki yake, Lord Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikubaliana na Wabelgiji wachukue Urundi, na Buha, nchi ya Waha, iende kwa Waingereza. Wino wa wakubwa ukawatenga Waha na Warundi, ndugu wa karibu kwa lugha. Wino wa Glyn ulifanya kazi iliyo kinyume: uliwasogeza watu wawili hatua kwa hatua, mpaka mtazamaji wa mbali awatakie heri.

Ndiyo maana naudhika riwaya ya mapenzi inapoitwa kazi nyepesi. Kijana wa Kibondo anayetaka kuandika filamu ya mapenzi aanze na mikono ya wahusika wake: nani ananyoosha mkono, nani anasita, nani anafungua kiganja. Akishayajua hayo, mazungumzo yatakuwa machache, na kila neno litakuwa na uzito.