Fundi wa Tangi

Harufu ya petroli ndani ya Volkswagen Beetle ya zamani si ya mzaha: tangi lake liko mbele, chini ya boneti, karibu na miguu ya abiria. Mwenye gari hufungua dirisha. Fundi huinama, akanusa.

Gari likizima njiani, kisha likawaka baada ya kupumzika, wengi huisingizia kabureta. Fundi mzoefu hufungua kwanza mfuniko wa tangi. Hewa ikiingia kwa mvumo, basi tundu la kupumulia limeziba na pampu inashindwa kuvuta.

Kutu ikishatoboa tangi, hapo ndipo penye kazi. Fundi hulishusha tangi, akamwaga petroli iliyomo, akalisuuza mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni, maana tangi tupu ni la hatari zaidi kuliko lililojaa: mvuke uliobaki hulipuka. Hulijaza maji hadi karibu na tobo, tobo likitazama juu, ndipo alehemu kwa chuma kilichopashwa moto mbali. Kisha hupaka povu la sabuni, akatia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli (kompresa ingelitunisha) na kusubiri vipovu.

Ujira wake hubishaniwa zaidi kuliko bei ya kabureta mpya ambayo haikuhitajika.