Bao Zuri na Fundi Anayelicheza

Katika mchezo wa bao, neno fundi hubeba maana mbili. Ni mtu anayechonga ubao, na pia ni mchezaji aliyebobea, yule ambaye akifika kijiweni wenzake humpisha akae. Mara nyingi hawa ni watu wawili tofauti, na hapo ndipo mabao mengi yanayouzwa nchini yanapoharibikia. Ubao uliochongwa na mchezaji hujulikana unaposhikwa na kuchezewa. Uliochongwa na asiyecheza hujulikana mapema zaidi, hata kabla ya kete kumwagwa. Mkoani Singida, ambako bao hunoga zaidi mavuno yakishaingia ndani na watu wamepata nafasi ya kukaa kivulini, tofauti hiyo ina uzito wake, kwa kuwa ubao hununuliwa mara moja na kutumika miaka mingi.

Zamani swali la kama mchongaji anacheza halikuwepo. Mchungaji anayechimba mashimo ardhini ili acheze na mwenzake ng'ombe wakiwa wanakula ni fundi kwa maana zote mbili. Ndivyo ilivyokuwa kwa waliochimba mashimo ya bao katika mwamba huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya: walitoboa jiwe kwa ajili ya mikono yao wenyewe. Swali lilizaliwa pale ubao ulipogeuka bidhaa, ukawa unachongwa mahali pamoja na kuchezewa pengine, na wakati mwingine unachongwa ili utundikwe ukutani.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili za upande wake. Katika safu ya mbele ya kila mmoja kuna shimo liitwalo nyumba, ambalo kwa kawaida huchongwa la mraba, nalo ni la tano kutoka kushoto kwa mwenyewe. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule, hivyo nyumba mbili hazikabiliani hata siku moja. Hupishana kwa shimo moja. Huu ndio mtihani wa kwanza wa ubao, na hauhitaji hata kuuinua. Mchongaji asiyecheza huvutiwa na ulinganifu, akaweka miraba miwili ana kwa ana katikati. Jicho hupendezwa, lakini mmoja wa wachezaji amepewa nyumba isiyo mahali pake, na mchezo mzima utakuwa wa kukumbushana. Ubao wa namna hiyo uachwe dukani, hata nakshi zake za pembeni ziwe nzuri kiasi gani. Ubao usio na mraba wowote, kwa upande mwingine, hauna kosa, kwani wazoefu wanajua nyumba ilipo.

Baada ya nyumba yanafuata mashimo yenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Mchezo huanza kila mmoja akiwa na kete sita nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia, na 22 ghalani za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja kila zamu. Tangu hapo mkono haupumziki. Huingia shimoni, huzoa, huinuka, hugawa moja moja, huzoa tena pale kete ya mwisho ilipoangukia, na mchezaji hodari hufanya hivyo kwa kasi ambayo mtazamaji mgeni hawezi kuifuata. Ubao mzuri hauuzuii mkono huo. Sehemu ya chini ya shimo inatakiwa iwe kama ya bakuli, ili kete zijikusanye zenyewe katikati na vidole vizikute pamoja. Anayetoboa kwa keekee na kuacha chini bapa, na ukuta uliosimama wima, anatengeneza pembe ambamo kete moja hujificha kila mara. Nyumba ina mtego zaidi: mdomo wake ni wa mraba, lakini chini ni lazima iwe ya mviringo kama wenzake. Mchongaji anayecheza huanza na pembe nne juu, kisha huzilainisha kwa patasi kadiri anavyoshuka, hadi pembe zikapotea kabla ya kufika chini. Asiyecheza hushuka na pembe zake mpaka mwisho, kama anayechonga kisanduku.

Kipimo chake ni rahisi. Kete kumi ziwekwe katika shimo moja, kisha zizolewe kwa mkono mmoja, mara moja, bila kutazama. Ikibaki hata moja, shimo halifai. Kipimo hicho kirudiwe kwenye nyumba na kwenye vichwa, yaani mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, kwa sababu huko ndiko mafundi wengi huchoka na kuharakisha.

Kina nacho kina mpaka wake. Shimo fupi hurusha kete nje zinapodondoshwa kwa nguvu, na wachezaji wa bao hawazidondoshi kwa upole. Shimo refu linaficha hesabu. Mchezaji anatakiwa akadirie kwa jicho idadi ya kete zilizo upande wa mwenzake, akiwa ameketi mahali pake. Wakati wa mtaji, yaani kete za ghalani zikishaisha, jambo hilo huamua mchezo, kwa kuwa anayeanza na kete 16 au zaidi hawezi kula kwa mzunguko huo wa kwanza. Ubao usiosomeka kwa mbali unamnyima mchezaji nusu ya akili yake. Kwa sababu hiyohiyo vanishi inayong'aa ni adui: jua la saa kumi likiupiga ubao, mashimo yote hugeuka kioo. Mafuta machache yaliyosuguliwa kwa kitambaa yanatosha. Singida ni mkoa wa alizeti na mafuta yake yako karibu, ila yakipakwa mengi huacha utando unaonata na kushika vumbi, hivyo yapakwe kidogo na kufutwa sana.

Kuhusu mbao, mninga na mkora ni chaguo zuri, nayo ni miti ya miombo, misitu ya aina inayopatikana upande wa Manyoni na Itigi. Jambo la kuchunguzwa zaidi ya aina ya mti ni ukavu wake. Mvua za Singida hunyesha msimu mmoja, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu na upepo. Ubao uliochongwa pwani kwa mti ambao haujakauka vizuri ukiletwa huku mwezi wa Juni husinyaa na kupasuka, na ufa hupenda kupita katika ukuta mwembamba kati ya mashimo mawili. Mnunuzi atazame ncha mbili za ubao, mahali nyuzi za mti zinapoishia. Nyufa huanzia hapo, na ncha iliyozibwa kwa rangi nzito au nta itiliwe shaka. Mabao ya kukunjwa yenye bawaba, yanayopendwa na wasafiri, yana kasoro ya kudumu: mstari wa katikati hulegea, na ubao haukai tena sawasawa.

Kete bora ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe wa pwani, ngumu na laini. Bara hutumika pia vijiwe na mbegu nyingine. Zilingane ukubwa tu.

Linabaki swali la fundi mwenyewe. Je, ni lazima acheze? Watengenezaji wa gemu za kompyuta wametoa majibu mawili yanayopingana. Alexey Pajitnov alipotengeneza Tetris mjini Moscow mwaka 1984, alinaswa na mchezo wake mwenyewe, akawa anaucheza kwa kisingizio cha kuujaribu. Hiroshi Yamauchi, aliyeiongoza Nintendo tangu 1949 hadi 2002, alijulikana kwa kutocheza gemu, ingawa alikuwa hodari wa mchezo wa go, na bado kampuni yake ilitoa michezo iliyopendwa duniani kote. Majibu haya hupatana mtu akitazama ni nani aliyeushika mchezo kabla haujauzwa. Chini ya Yamauchi walikuwepo waliocheza. Vivyo hivyo, seremala asiyejua kunamua anaweza kutoa ubao mzuri kabisa, ikiwa huwaachia wazee wa jirani wauchezee barazani pake juma zima, kisha hurudi na patasi pale walipolalamika.

Hata kwa fundi anayecheza, mapenzi yake kwa kazi yake si ushahidi wa kutosha. Mtengenezaji wa gemu aliyepita hatua moja mara elfu haioni tena, vidole vyake vimeshajifunza kuikwepa kasoro. Mchongaji naye huzoea shimo lake bovu, mkono ukaingia kwa mshazari bila yeye kujua. Ndiyo maana ubao usipimwe na aliyeuchonga, hata akiwa bingwa. Apewe mtu aliyezoea ubao mwingine.

Bao la kwenye simu hupimwa kwa roho hiyohiyo, ila hapa kinachochunguzwa ni sheria badala ya mashimo. Mwandishi wa programu aliyeketi kijiweni huijua takasia, hali ambayo shimo moja la mpinzani hufungwa asilichezee kwa zamu hiyo. Aliyesoma sheria juujuu huiacha. Programu isiyojua takasia inafaa kumfundishia mtoto kugawa kete, zaidi ya hapo haifai.

Kwa anayenunua ubao wa mbao, basi, aende dukani na mchezaji mmoja na kete zake 64, atazame nyumba, kisha aombe wacheze mchezo mmoja hadi mwisho. Muuzaji akikataa, aende kwa mwingine. Mchezo ukiisha bila kete kubaki shimoni wala kuruka nje, alipe.