Mpangaji, Mpanga Miji na Afisa Mipango: Uhakiki wa Istilahi za Taaluma Moja

Kila kazi huingia katika lugha kwa mlango wake. Uvuvi, uhunzi na useremala viliingia pamoja na watu waliozifanya kazi hizo, na majina yake hayakuhitaji kamati. Upangaji wa miji, kama taaluma yenye shahada, bodi na daraja za mshahara, uliingia kwa mlango wa ofisi. Jambo hili si kwamba Waswahili hawakujua mji. Maneno mtaa, kichochoro, baraza, kiunga na kitongoji yanaonyesha kwamba watu wa mwambao walikwisha kufikiri juu ya mahali pa kupita, pa kukaa na pa kupokea wageni kabla ya ofisi hizo. Lakini mtu aliyeajiriwa kuyapanga hayo yote kwa ramani hakuwa na jina, na jina alilopewa baadaye lina kasoro.

Katika makala haya twakusudia kuyahakiki maneno yatumikayo katika matangazo ya kazi, miundo ya utumishi na miongozo ya mafunzo yawahusuyo wataalamu wa miji na wa mazingira nchini Tanzania. Jambo hili sasa lina uzito kuliko zamani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno ambalo jana lilikuwa tafsiri ya kusaidia tu, kesho laweza kuwa jina la kisheria, nalo likikosewa huwa limekosewa kwa muda mrefu.

Tuanze na jina la mtaalamu mwenyewe. Tafsiri iliyo karibu na ulimi ni mpangaji. Kitenzi panga kina maana ya kuweka vitu kwa utaratibu, na pia ya kukaa katika nyumba ya mwingine kwa kodi. Katika kitenzi maana hizi mbili huishi pamoja bila ugomvi, lakini katika nomino ya mtendaji maana ya pili imekwisha kumeza ile ya kwanza. Ukisema "mpangaji wetu amekuja," hakuna msikilizaji wa Manzese au wa Ng'ambo atakayemwaza mtu mwenye ramani. Atamwaza mtu mwenye godoro. Ndiyo maana mpangaji wa miji, japo ni sahihi katika sarufi, huleta tabasamu, na taaluma haiwezi kujengwa juu ya tabasamu.

Serikali imelikwepa tatizo hili kwa kumwita mtaalamu huyu Afisa Mipangomiji, na Sheria Na. 7 ya mwaka 2007, iliyoweka utaratibu wa kuwasajili, ikafahamika kuwa ya Wataalamu wa Mipangomiji. Hatusemi kwamba jina hili ni baya. Limezoeleka, na sheria kubwa ya fani yenyewe, Na. 8 ya mwaka huo huo, inaitwa Sheria ya Mipangomiji. Lakini tuangalie jinsi lilivyoundwa. Halimtaji mtu kwa tendo lake, bali kwa jalada lake: yeye ni afisa, na mipangomiji ni kitu kilicho mezani pake. Akitoka serikalini na kufungua ofisi yake mwenyewe, uafisa unamtoka, naye habaki na jina. Hapo hulazimika kujiita "mtaalamu wa mipangomiji", maneno matatu ambapo jirani yake wa ofisi ya pili anatosheka na mawili.

Jirani huyo ni mpima ardhi. Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi kilianza mwaka 1956 kwa kufundisha upimaji, na jina la mpima ardhi limekomaa tangu hapo. Limeundwa kwa kanuni ya kale ya Kiswahili: kitenzi kikifuatwa na mtendwa wake, nomino ya mtendaji huacha kiambishi -ji. Twasema mfanya biashara wala si mfanyaji biashara. Twasema mpiga picha, mcheza ngoma, mla nyama. Kwa kanuni hiyo hiyo mtu apangaye miji ni mpanga miji. Jina hili ni fupi, lina tendo ndani yake, lafaa kwa aliye serikalini na asiye serikalini, nalo linasimama vizuri kando ya mpima ardhi, ambaye kazi zao haziachani.

Yuko atakayetupinga kwa kusema kwamba mpanga nyumba bado ni mtu alipaye kodi. Ni kweli. Lakini nyumba hupangishwa, mji haupangishwi. Mtendwa ndiye anayeamua maana, na neno miji linaufunga mlango ambao neno nyumba linauacha wazi.

Kasoro ya pili ni ya neno mipango lenyewe. Katika halmashauri zetu kumekuwa na Afisa Mipango, ambaye shughuli yake ni bajeti na miradi ya maendeleo. Na kuna Afisa Mipangomiji, ambaye shughuli yake ni matumizi ya ardhi ya mji. Dodoma kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, ambacho watu hukiita Chuo cha Mipango tu, na miongoni mwa masomo yake mna mipango na usimamizi wa mazingira. Tena iko Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007. Mipango hii minne inatofautiana, lakini neno ni moja. Kijana aliyemaliza kidato cha sita akiambiwa na mwalimu wake "kasome mipango", ameambiwa nini? Aweza kuchagua chuo, akasoma miaka mitatu au minne, kisha akagundua kwamba tangazo la kazi alilolisubiri linataka mipango mingine. Hasara hiyo haiandikwi katika kamusi yoyote, lakini imeletwa na neno.

Tena maandishi yenyewe hayajatulia. Tangazo moja huandika "mipango miji", jingine "mipangomiji". Hili husema afisa, lile ofisa. Sisi twaona kwamba mipangomiji, neno moja, libaki kuwa jina la taaluma, kwa kuwa hakuna asemaye "mpangomji", na kwa hiyo limekwisha kuacha kuwa wingi wa kitu kinachohesabika. Kazi yenyewe iitwe upangaji miji. Mchoro au hati itokayo katika kazi hiyo iitwe mpango wa mji. Tukitenganisha taaluma, tendo na zao lake, mfasiri atapata pa kushika.

Kasoro ya tatu inahusu kujiendeleza. Taaluma yoyote iliyo hai humtaka mwenye cheti aendelee kusoma: sheria hubadilika, vyombo vya kupimia hubadilika, miji hukua. Katika Kiingereza jambo hili lina jina la maneno matatu, na wafasiri wengi wamelileta kwetu kama "maendeleo endelevu ya kitaaluma". Katika ualimu kumekuwa na mpango ujulikanao kama Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Wenzetu wa elimu walikuwa na haki ya kutafuta neno fupi, na kifupisho chao, MEWAKA, kinatamkika vizuri. Lakini neno endelevu lina kazi nyingine tayari. Katika fani ya mazingira, endelevu ni sifa ya matumizi yasiyowaharibia watakaokuja: kuvuna msitu huku msitu ukibaki, kuchota maji bila kukausha chemchemi. Hiyo ni maana ya kudumu kwa kitu. Mafunzo ya mara kwa mara ni jambo jingine. Hayo ni mfululizo.

Kwa mwalimu wa hesabu mchanganyiko huu huenda usiwe na madhara. Kwa mtaalamu wa mazingira una madhara, kwa sababu maneno yote mawili ni ya kwake. Akialikwa kwenye "semina ya maendeleo endelevu ya wataalamu wa mazingira", hajui kama atafundishwa juu ya misitu au juu ya kupanda cheo. Kiswahili kina kitenzi kinachotosha: kujiendeleza. Kina mtu ndani yake, kina juhudi ndani yake, na kimekwisha kutumika tangu siku za elimu ya watu wazima. Tuseme basi mafunzo ya kujiendeleza kazini, na endelevu tuliachie mazingira.

Kasoro ya nne ni ndogo kwa umbo, kubwa kwa matokeo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inataka miradi ya aina fulani ichunguzwe kabla haijaanza, ili ijulikane itayafanya nini mazingira. Kazi hiyo imekuwa mlango mkubwa wa ajira kwa wataalamu wa mazingira. Jina lake sahihi ni Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Lakini mara nyingi husomwa "Tathmini ya Athari za Mazingira". Tofauti ni ya kiunganishi tu, na kiunganishi hicho kinageuza mtenda kuwa mtendwa. Athari za mazingira, kwa usikivu wa kawaida, ni yale ambayo mazingira yanatutenda: mafuriko, ukame, mmomonyoko. Athari kwa mazingira ni yale ambayo sisi tunayatenda mazingira. Mwanakijiji aliyeitwa kutoa maoni juu ya machimbo yatakayofunguliwa karibu na kisima chake, akisoma kichwa cha kwanza, atazungumza juu ya mvua. Akisoma cha pili, atazungumza juu ya kisima. Ni haki yake azungumze juu ya kisima.

Papo hapo tuonye juu ya jaribio la kuunda "mpanga mazingira" kwa kufuata mpanga miji. Mji hujengwa na watu, kwa hiyo hupangika. Mazingira yametuzunguka kabla hatujazaliwa, na neno lenyewe lasema hivyo. Tena katika matumizi ya kila siku mazingira ni hali na visababu vya jambo. Mtu "aliyepanga mazingira" ni mtu aliyeandaa hila. Sheria imechagua usimamizi, nasi twaona imechagua vema: mtu huyo na aitwe mtaalamu wa mazingira au afisa usimamizi wa mazingira, kwa kadiri ya kazi yake.

Mwisho twataja nafasi na fursa. Matangazo ya serikali yamehifadhi "nafasi za kazi", nayo ni sahihi: nafasi ni mahali palipo wazi, pana daraja na mshahara. Fursa ni wakati au hali inayomwezesha mtu kutenda. Siku hizi fursa limetapakaa hata likaitwa kila kitu. Mkuu wa chuo akiwaambia wahitimu kwamba "fursa ni nyingi", hajasema uongo, lakini hajasema pia kwamba nafasi ziko. Mwalimu anayeshauri vijana yampasa aseme lipi kati ya haya mawili analolijua.

Basi kwa ufupi twapendekeza haya: mpanga miji kwa mtu, mipangomiji kwa taaluma, likiandikwa neno moja, upangaji miji kwa kazi, kujiendeleza kazini kwa mafunzo ya waliokwisha kuhitimu, athari kwa mazingira, bila kubadilisha kiunganishi, na nafasi isichanganywe na fursa. Hatudai kwamba maneno haya yatajenga barabara wala kuzuia mafuriko ya Msimbazi. Twadai tu kwamba mtu aitwaye kufanya kazi hizo, na mwananchi atakayefanyiwa, waelewane tangu neno la kwanza. Wenye hoja zilizo bora, hasa walio katika halmashauri na vyuo, watuandikie. Istilahi ni mali ya wanaozitumia.