Mnong'ono Ambao Mama Hakuusikia

Insha ya Binyavanga Wainaina ya Januari 2014 niliisoma kwenye matatu ya Malindi kwenda Kilifi, mwangaza wa simu nimeushusha chini kabisa. Kando yangu alikaa mama wa makamo, nami sikutaka aone kichwa chake: mtu anamwambia mamake kwamba yeye ni shoga. Neno hilo, huku kwetu, wanawake huitana kwa mapenzi. Mwanamume akiitwa hivyo, ametukanwa.

Wengi huisoma kama tangazo: mshindi wa Tuzo ya Caine ya 2002, mwanzilishi wa Kwani?, amejitokeza hadharani. Mimi naisoma kama tanzia. Mamake alifariki mwaka 2000, yeye akiwa Afrika Kusini. Kwenye insha anajirudisha kando ya kitanda cha hospitali, anamshika mkono, anamnong'oneza. Halafu anakiri kwamba haikuwa hivyo. Hakufika. Dunia nzima ikaisikia siri yake, isipokuwa yule mmoja aliyetaka aisikie.

Kitanda cha mgonjwa hakikuchaguliwa ovyo. Hapo kushikana mikono hakuulizwi maswali. Lakini hata hapo si salama kwa kila mtu. Februari 2010, Mtwapa, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulipeleka umati hadi kituo cha afya cha KEMRI kilichokuwa kikitoa huduma za HIV. Yaani watu walifuatwa hadi kwenye mlango wa tiba. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini mtu ananong'ona.

Nina lawama moja. Wanaume wa insha hii wanapita kama vivuli. Mwenye sura ni mama tu. Ningetaka kumwona pia anayependwa, anayebaki kuuguza.

Maana namjua mmoja. Kwenye maziko ya rafiki yangu, Kilifi, aliyemwosha na kumlisha uji miezi yote ile alitambulishwa kama "mpangaji mwenzake". Akakaa nyuma, macho makavu.

Binyavanga alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vinavyoharamisha mapenzi ya namna hii. Kwa hiyo bado tunanong'ona.

Jana usiku nilimtumia yule "mpangaji" insha hiyo. Hajajibu, lakini tiki zimegeuka buluu.