Sifa za Mpima Hewa

Miongoni mwa kazi ambazo ustadi wake hupatikana kwa subira wala si kwa nguvu, kazi ya mpima hewa ina daraja ya juu, na hata hivyo ni wachache waitajao. Seremala wa majahazi husifiwa chombo kinaposhuka majini, na mhunzi husifiwa shoka linapokata. Lakini mtu asimamaye kila siku saa tatu asubuhi mbele ya kibanda cheupe chenye kuta za luva, akaandika tarakimu zake katika daftari, hapati hata salamu ya shukrani.

Kitu akipimacho hakionekani, lakini kina uzito. Mtaliana Evangelista Torricelli na mwanafunzi wake Vincenzo Viviani walilidhihirisha jambo hilo katika karne ya 17, kwa kujaza zebaki katika mwanzi wa kioo ulioziba upande mmoja na kuupindua mdomo wake ndani ya bakuli la zebaki: zebaki ilishuka, kisha ikasimama katika kimo cha sentimita 76 hivi, kwa kuwa hewa ya nje ilikuwa ikiikandamiza ile ya bakulini.

Sifa ya kwanza ya fundi huyu ni adabu yake mbele ya ala. Akiikaribia baromita ya Fortin, ala ya zebaki ipimayo mgandamizo wa hewa, husoma kwanza kipimajoto kilicho ubavuni mwake, kabla joto la mwili wake halijakihadaa, kisha hugeuza parafujo ya chini polepole, zebaki ikapanda bakulini, mpaka ncha ya pembe ya ndovu iliyo juu yake ikutane na taswira yake yenyewe katika uso wa zebaki, isizame wala isiachane nao hata kwa unywele, hugonga kioo kwa ukucha, taratibu, hulisawazisha jicho na kilele cha zebaki, ndipo husoma. Kibandani hukuta vipimajoto viwili, kimoja kikavu, na cha pili kichwa chake kimevishwa melimeli inyonyayo maji safi. Maji hayo yakikauka huchukua joto, na kipimo hushuka: hushuka sana hewa ikiwa kavu, hushuka kidogo ikiwa na mvuke mwingi, na hewa ikishiba kabisa vyote viwili huonyesha tarakimu moja. Habari yote ya unyevu imo katika tofauti hiyo ya nyuzi chache. Melimeli ikiachwa ikaingia vumbi au chumvi ya bahari, habari huwa ya uwongo, na kwa hiyo fundi mwaminifu huibadilisha mapema.

Mgandamizo na unyevu ndivyo vitengenezavyo hali ya hewa tuijuayo. Nchi ya Asia inapopata jua kali katikati ya mwaka, hewa yake huwa nyepesi na mgandamizo hupungua, hewa ya bahari ya kusini ikavutwa kuelekea huko, nasi pwani tukapata kusi; Asia inapopoa mwezi wa Desemba, mgandamizo wake huzidi, upepo ukageuka ukawa kaskazi, ule uliokuwa ukileta majahazi ya Maskati na Kuwait hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Mvuke nao hauiongezei hewa uzito, kama wengi wadhanivyo, bali hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko kavu yenye joto lile lile. Hupanda, na kwa kuwa mgandamizo wa juu ni mdogo, hutanuka, ikitanuka hupoa, na ikipoa mvuke wake hugeuka matone, ndiyo mawingu.

Lakini linalonistaajabisha kuliko yote ni kwamba katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta hewa ina kujaa na kupwa kwake, mfano wa bahari. Zebaki hupanda hadi saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku, na hushuka tena hadi saa kumi alfajiri, na tofauti yenyewe ni milimita 2 au 3 tu. Jicho la kawaida halioni kitu. Mpima hewa aliyeizoea hali hiyo hutambua mara moja zebaki inapokataa kupanda katika saa yake, na hilo ni onyo la tufani. Na tufani huweza kufika hata kwetu: Aprili 1872 iliipiga Unguja, ikavunja vyombo vya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na kung'oa mikarafuu mingi mno, hata Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu.

Kwa hiyo daftari lake ni amana. Saa iliyompita bila kusoma huiacha tupu, wala haijazi kwa kukisia, maana wa mbali watakaolitumia hawana njia ya kumhoji. Kijana mwenye jicho sahihi na ulimi wa kweli, ambaye angali akitafuta kazi ya kuishika maishani, naitazame kazi hii kabla ya nyingine. Na wazazi wake wasimzuie kwa kuwa haina fahari.