Koboko Inakuja

Chini ya mwembe, mwenyekiti wa kikao ana macho ya kumsaidia. Anamwona aliyeinama, anayenong'ona na jirani, na mzee aliyesogeza fimbo yake kwa sababu ana neno. Kikao kikihamia kwenye simu, macho hayo hupofuka. Yanabaki masikio, nayo yanadanganywa na mtandao kila dakika.

Ndiyo maana namsifu mama anayeendesha kikao chetu cha kazi cha kila Jumatatu kwa simu, sisi tulio Arua na wenzetu wa Koboko, kilomita 50 na ushei kaskazini, karibu na pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Huko ukihamia dirisha la pili simu inadaka mnara wa nchi jirani, na salio linayeyuka. Umeme nao una historia yake: kwa miaka mingi kanda yetu ya West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak, tukazoea kuchaji simu umeme unapokuwepo, si tunapouhitaji.

Mgeni wa Kampala akikuta kimya hudhani watu hawana la kusema. Mama huyu anazijua aina zake. Kipo kimya cha bando kuisha. Kipo cha kijana asiyetaka kumtangulia mkubwa wake. Kipo cha mtu anayelitafutia Kiingereza wazo ambalo Kikakwa kimeshalimaliza. Huyo huambiwa aseme kwa lugha inayomtoka, Kilugbara, Kiswahili, yoyote, na mama atatufasiria.

Hasemi kamwe, "Kuna swali?" Swali la wote halina mwenyewe. Huita jina, akianza na aliye mbali, na asubuhi hiyo ameshamtumia ujumbe: leo nitakuuliza habari za mbegu. Kisha husubiri. Nimemsikia akimzuia mkuu wetu aliyekwisha kuvuta pumzi ya kujibu: "Kidogo tu, mzee, Koboko inakuja."

Nadhani alijifunza hayo kwenye vikundi vya akiba, kwenye lile sanduku la kufuli tatu na funguo zilizo kwa watu watatu. Pale kila mwanachama ana namba, na namba yako ikiitwa unasogea na daftari lako, uwe na hisa tano au moja. Hakuna anayerukwa kwa kuwa mnyonge.

Mimi niliwahi kushika nafasi yake siku moja. Nilieleza mpango wa robo mwaka kwa nusu saa, nikafurahia utulivu wa wasikilizaji, kumbe laini ilikatika nikiwa kwenye salamu.

Jumatatu iliyopita aliita jina la binti mgeni kazini. Kimya. Mkuu akakohoa. Mara jogoo akawika ndani ya simu, pikipiki ikapita, na mama akatuinulia kidole tusiseme kitu.

"Laini iko wazi, binti yangu. Tunamsikia kuku, sasa wewe."